Hesabu za nguvu ya umeme na miunganisho ya transfoma za fezi tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mafundi wanaofunga mashine za kusaga na kukoboa, wenye karakana za kuchomelea na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Hesabu zote zimefanywa kwa kipimo cha Tanzania: volti 230 kati ya fezi na nyutro, volti 400 kati ya fezi na fezi, Hz 50. Aliye Kenya aweke 240 na 415, njia ni ileile. Karibu kila kosa la hesabu ninalokutana nalo linatokana na jambo moja: mtu hajajiuliza volti aliyoishika ni ya fezi kwa nyutro au ya fezi kwa fezi.

## Msingi

1. Transfoma ni moja. Kwa nini nikipima hapa napata 230 na pale 400?

Kwa sababu unapima vitu viwili tofauti. Ukiweka waya mmoja wa kipimo kwenye nyutro na mwingine kwenye fezi, unapima koili moja ya transfoma: 230. Ukiweka kati ya fezi mbili, unapima tofauti ya koili mbili ambazo hazipandi wala kushuka kwa wakati mmoja.

Fikiria watu watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu. Mchi mmoja uko juu, wa pili unashuka, wa tatu unapanda. Fezi tatu hupishana hivyohivyo, kila moja nyuma ya mwenzake kwa nyuzi 120. Kama mbili zingepanda na kushuka pamoja, tofauti yao ingekuwa sifuri. Kama zingekuwa kinyume kabisa, ingekuwa 460. Kwa kuwa zimeachana nyuzi 120, tofauti ni 230 × 1.732, yaani 398, ambayo sote tunaiita 400. Hiyo 1.732 ni kipeuo cha pili cha 3, nayo itarudi katika kila hesabu iliyo hapa chini.

2. Wati, kVA na kVAr zinatofautianaje?

Kilowati ni nguvu inayofanya kazi: inayosaga mahindi, inayochemsha maji. kVAr ni nguvu inayokwenda na kurudi kati ya mota na transfoma ili kujenga sumaku ndani ya mota. Haisagi kitu, lakini bila hiyo mota haizunguki. kVA ni jumla ya zote mbili, ila hazijumlishwi kama shilingi: kVA² = kW² + kVAr².

Ukigawa kW kwa kVA unapata pawafakta, yaani cos φ. Hita na pasi zina 1. Mota yenye mzigo kamili huwa karibu 0.85, na mota ileile ikizunguka tupu hushuka sana.

3. Fomula ipi nitumie?

Fezi moja: P = V × I × cos φ, ukitumia 230.
Fezi tatu: P = 1.732 × V × I × cos φ, ukitumia 400 na ampea za waya mmoja.

Unaweza pia kuandika P = 3 × 230 × I × cos φ, na jibu ni lilelile. Usichokiweza ni kuchanganya: 3 × 400 × I. Kosa hilo linakupa nguvu iliyozidi ukweli kwa asilimia 73, na ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko lolote. Kupata kVA, ondoa tu cos φ.

4. Mota ya hp 20 inavuta ampea ngapi?

Hp 1 ni wati 746, kwa hiyo hp 20 ni kW 14.9. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti, siyo inayoingia kwenye nyaya. Mota yenye ufanisi wa 0.88 itavuta 14.9 ÷ 0.88, karibu kW 17. Kwa pawafakta ya 0.85 hiyo ni kVA 20. Gawa kwa (1.732 × 400) upate ampea 28.8 kwa kila fezi.

Wengi husahau ufanisi na pawafakta, wakapata ampea 21.5, wakanunua waya na breka za kiwango hicho, kisha wakashangaa breka ikiruka kila mahindi yakikolea. Kama kibao cha mota kinasomeka, chukua ampea zilizoandikwa pale. Hesabu hii ni ya pale kibao kilipofutika.

5. Hiyo ni uniti ngapi kwa siku?

Uniti moja ni kW 1 kwa saa 1. Mashine ya swali la 4 ikifanya kazi kwa mzigo kamili saa 6, ni 17 × 6 = uniti 102. Ikizunguka bila mzigo hutumia pungufu ya hapo, lakini hutumia. Zima mota mteja anapoondoka.

6. Kwa nini umeme usafirishwe kwa msongo mkubwa?

Chukua kituo cha kufua umeme cha Julius Nyerere, Rufiji: mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, inayopelekwa Chalinze kwa msongo wa kilovoti 400. Kwa fomula ya swali la 3, hiyo ni ampea 3,050 hivi. Nguvu hiyohiyo kwa volti 400 ingekuwa ampea zaidi ya milioni 3, na hakuna waya wa kuzibeba. Upotevu kwenye waya hukua kwa mraba wa ampea, ndiyo maana transfoma zipo.

## Mzigo na ukubwa wa transfoma

7. Kwa nini kibao cha transfoma kinaandika kVA, siyo kW?

Kwa sababu transfoma huchoshwa na joto, na joto halijui pawafakta. Koili hupashwa na ampea, iwe ampea hizo zinasaga au zinajenga sumaku tu. Chuma cha katikati hupashwa na volti, na hicho hula umeme wake saa 24 hata kijiji kizima kikiwa kimelala. Transfoma ya kVA 100 ikilisha mzigo wa pawafakta 0.7 inatoa kW 70 tu, nayo tayari imejaa.

Joto la koili hupanda kwa mraba wa ampea. Nusu ya mzigo ni robo ya joto la koili, na mzigo wa asilimia 120 ni joto la asilimia 144.

8. Transfoma ya kVA 100 inatoa ampea ngapi?

100,000 ÷ (1.732 × 400) = ampea 144 kwa kila fezi. Ya kVA 50 ni 72, ya 200 ni 289, ya 315 ni 455, ya 500 ni 722.

Upande wa juu ni ndogo mno: kVA 100 kwenye laini ya kilovoti 11 ni ampea 5.25, na kwenye kilovoti 33 ni ampea 1.75. Ndiyo maana fyuzi za juu ya nguzo zina uzi mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Anayeziba na waya wa kawaida baada ya fyuzi kukatika ameiacha transfoma bila ulinzi wowote.

Kumbuka pia kwamba kVA 100 ni 33.3 kwa kila fezi. Ukipanga nyumba nyingi na mashine zote za fezi moja kwenye fezi nyekundu, fezi hiyo itaungua transfoma ikiwa bado ina nafasi nyingi kwenye makaratasi. Pima kwa klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya) saa moja usiku, wakati watu wanapika na kuwasha taa. Mchana haukuonyeshi kitu.

9. Nitajuaje kama transfoma ya kijiji inatosha mashine zangu mbili?

Tuseme mashine mbili za swali la 4 pamoja na nyumba 60, kila nyumba ikikadiriwa wati 500 saa ya mzigo mkubwa. Mashine ni kW 34 na kVAr 21. Nyumba ni kW 30, na kwa pawafakta ya 0.95 ni kVAr 10. Jumla kW 64 na kVAr 31, ambazo ni kVA 71. Transfoma ya 100 inabeba na akiba inabaki. Ya 50 haibebi.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu mota haianzi kwa ampea 28.8. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7, tuseme ampea 173. Transfoma nyingi za mitaani zimeandikwa ukinzani wa asilimia 4 kwenye kibao: maana yake, kwa ampea kamili volti inaweza kushuka ndani ya transfoma kwa hadi asilimia 4 hivi. Kwenye ya kVA 100, ampea 173 ni mara 1.2 ya kiwango, hivyo volti inashuka karibu asilimia 5. Kwenye ya kVA 50 ni karibu asilimia 10, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye nyaya za mita mia kadhaa. Hapo ndipo taa za kijiji zinapofumba macho kila mashine ikiwashwa, na majirani wana haki ya kulalamika. Stata ya nyota-delta, yaani swichi inayoanzisha mota ikiwa imefungwa nyota kisha kuihamishia delta (maswali ya 11 na 17), inapunguza ampea hizo hadi theluthi.

Asilimia hiyo 4 inakupa jambo jingine: fezi zote tatu zikigusana mlangoni mwa transfoma, zitapita mara 25 ya ampea za kawaida. Kwa kVA 100 ni ampea 3,600. Breka ya bei poa isiyoweza kukata kiwango hicho inapasuka.

10. Kapasita zitanipunguzia bili?

Inategemea unatozwaje. Kapasita huipa mota kVAr zake palepale ilipo, zisivutwe kutoka kwenye transfoma. Mita ya LUKU ya nyumbani inahesabu uniti, yaani kW kwa saa, na kapasita haipunguzi kW za mota. Vile vijisanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kuokoa umeme ukivichomeka ukutani ni kupoteza pesa. Mteja mkubwa anayetozwa pia kwa kVA ndiye anayefaidika moja kwa moja.

Faida nyingine ni nafasi kwenye transfoma na nyaya. Mzigo wa kW 20 kwa pawafakta ya 0.75 huvuta ampea 38.5. Ukiipandisha hadi 0.95 zinabaki 30.4, na joto la nyaya linapungua kwa asilimia 38. Kapasita inayohitajika ni 20 × (0.882 − 0.329), karibu kVAr 11. Namba hizo za mabanoni ni tan φ ya kabla na ya baada. Ukizima, subiri kapasita imwage chaji kabla hujagusa.

## Miunganisho

11. Dyn11 kwenye kibao maana yake nini?

D kubwa: upande wa msongo mkubwa umefungwa delta, koili tatu zikishikana ncha kwa ncha. y ndogo: upande wa chini umefungwa nyota, koili tatu zikikutana mahali pamoja. n: pale zinapokutana pametolewa nje kuwa nyutro. 11 ni saa ya ukutani: fezi ya juu ikiwa imesimama kwenye 12, ya chini iko kwenye 11. Kila saa ni nyuzi 30, kwa hiyo umeme wa chini umetangulia kwa nyuzi 30.

12. Kwa nini delta juu na nyota chini?

Laini ya juu inakuja na nyaya tatu tu, na delta haihitaji wa nne. Chini tunahitaji 230 kwa nyumba na 400 kwa mashine, na kati ya delta na nyota ni nyota pekee inayotoa vyote viwili pamoja na nyutro ya kufunga ardhini.

Sababu nzito zaidi ni mzigo usio sawa. Nyumba za fezi moja zikivuta peke yake, koili ya delta iliyo kwenye mguu huohuo wa chuma hupata ampea zake moja kwa moja kutoka nyaya mbili za juu. Kama pande zote mbili zingekuwa nyota na juu hakuna nyutro, ampea hizo zingelazimika kurudi kupitia koili za fezi nyingine, nyutro ingehama kutoka katikati, na nyumba za fezi moja zingepata volti pungufu huku nyingine zikizidishiwa.

Kuna pia uchafu wa umeme unaotoka kwenye taa za LED, chaja na kompyuta, hasa ule wenye kasi mara tatu ya Hz 50. Kwenye nyutro uchafu huo wa fezi tatu haufutani, unajumlishana. Delta inauzungusha ndani yake na kuuzuia usipande kwenye laini ya juu. Usipunguze unene wa nyutro kwa kudhani haibebi kitu.

13. Uwiano wa mizunguko ni 11,000 kwa 400, yaani 27.5?

Hapana. Koili ya delta inapata 11,000 kamili, lakini koili ya nyota inatoa 231. Uwiano wa mizunguko ni 11,000 ÷ 231 = 47.6. Kwa kilovoti 33 ni 143. Anayesuka upya koili kwa kutumia 27.5 atapata volti 400 kati ya fezi na nyutro.

14. Naweza kufunga transfoma mbili sambamba?

Ndiyo, zikiwa na saa ileile kwenye kibao (swali la 11), volti sawa juu na chini, tapu (swali la 15) kwenye namba ileile, mfuatano wa fezi uleule, asilimia ya ukinzani zinazokaribiana, na ukubwa usiopishana sana. Mara tatu ndiyo mwisho unaopendekezwa.

Saa haina mjadala. Dyn11 na Dyn1 zimeachana nyuzi 60, na tofauti ya volti kati ya vichwa vyake ni 230 kamili: kuziunganisha ni sawa na kugusanisha fezi na nyutro. Dyn11 na Yyn0 (nyota pande zote mbili, saa 12) zimeachana nyuzi 30, tofauti ni asilimia 52 ya volti, nayo inatosha kuchoma zote mbili. Kabla ya kufunga, pima kati ya fezi ya moja na fezi ya jina hilohilo ya nyingine, nyutro zikiwa zimeunganishwa. Isiposoma karibu na sifuri, acha.

Asilimia zikitofautiana, yenye asilimia ndogo hubeba zaidi ya fungu lake. Mbili za kVA 100, moja ya asilimia 4 na nyingine ya 5, zikipewa jumla ya 180, ya kwanza inabeba 100 na ya pili 80. Hapo umefika mwisho.

15. Tapu ni za nini?

Kurekebisha volti pale laini ya juu inapofika imechoka au imezidi, kwa kawaida hatua mbili juu na mbili chini za asilimia 2.5. Nyingi ni za kugeuzwa transfoma ikiwa imezimwa kabisa. Kazi hiyo ni ya mwenye mtandao.

## Hitilafu

16. Taa za fezi moja zinawaka vizuri, za nyingine mbili zimefifia. Nini kimekatika?

Fyuzi moja ya juu. Koili moja ya delta bado iko kati ya nyaya mbili nzima, inatoa 230. Mbili zilizobaki sasa zimefuatana kwenye nyaya hizohizo na kugawana volti, kila moja karibu 115 kama mizigo yake inalingana. Yenye mzigo mkubwa hupata volti pungufu. Kati ya fezi mbili zilizofifia utasoma karibu sifuri, na kati ya kila moja na ile nzima karibu 345.

Zima mota zote za fezi tatu papo hapo, na friji pia. Kama fezi moja imekufa kabisa na mbili ni nzima, tatizo liko upande wa chini.

17. Mota imeandikwa 230/400 Δ/Y. Inafaa stata ya nyota-delta?

Kwa umeme wetu haifai. Maandishi hayo (Δ ni delta, Y ni nyota) yanasema koili yake inavumilia 230. Kwenye 400 lazima ifungwe nyota siku zote. Ukiipeleka delta kila koili inapata volti mara 1.73 ya uwezo wake na inaungua. Inayofaa nyota-delta ni ile iliyoandikwa 400/690.

Kwenye nyota ampea za kuanzia ni theluthi, na nguvu ya kusukuma nayo ni theluthi. Anzisha mashine ikiwa tupu, mahindi yaingie baada ya kubadili kwenda delta.

18. Vyombo vya nyumba kadhaa viliungua kwa pamoja, wengine taa zilififia. Ni radi?

Mara nyingi ni nyutro iliyokatika. Chukua nyumba mbili za fezi tofauti, moja ina hita ya wati 2,000, nyingine ina televisheni na taa, wati 200. Nyutro ikiwepo kila moja inapata 230. Ikikatika, zinabaki zimefuatana kati ya fezi mbili zenye 400. Ukinzani wa hita ni ohm 26, wa ile nyingine ni ohm 265, hivyo hita inapata volti 36 na televisheni inapata 364. Mwenye kutumia kidogo ndiye anayeunguziwa.

Kwa hiyo nyutro isiwekewe fyuzi peke yake wala swichi ya peke yake, na viungo vyake vikazwe kwa bidii ileile ya fezi.

19. Mota inazunguka kinyume.

Badilisha nyaya za fezi mbili zozote. Kama mashine zote za eneo zimegeuka siku moja, mfuatano umebadilishwa kwenye laini. Toa taarifa kabla ya kugusa ya kwako.

## Yasiyo ya kawaida

20. Nimekuta nyaya nyekundu, njano, bluu na nyeusi upande mmoja, kahawia, nyeusi, kijivu na bluu upande wa pili.

Mpangilio wa zamani ulitumia nyekundu, njano na bluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Nyeusi na bluu zimebadilishana kazi. Usiunganishe rangi kwa rangi. Pima kila waya na uweke alama.

21. Jenereta ya kVA 50 inaweza kulisha mashine umeme ukikatika?

Nyingi hutolewa kwa pawafakta ya 0.8, kwa hiyo ni kW 40, na mashine moja ya swali la 4 inawezekana kama inaanza kwa nyota-delta. Sharti ni swichi ya kubadilishia inayokata fezi zote tatu na nyutro. Jenereta iliyochomekwa bila swichi hiyo inarudisha volti 400 kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: juu ya nguzo zinatoka volti 11,000 au 33,000, na fundi aliyepanda akijua laini imezimwa anauawa.

22. Zipo transfoma mbili tu za fezi moja. Zinaweza kutoa fezi tatu?

Zinaweza, kwa muunganisho wa V, ambao ni delta iliyotolewa koili moja, mradi laini ya juu ina nyaya tatu. Mbili za kVA 25 hazitoi 50 bali 43.3, kwa sababu ampea za koili hazipatani kikamilifu na volti zake. Ni msaada wa muda wakati ya tatu iko matengenezoni.

23. Kijijini imefika laini ya waya mbili. Nitaendeshaje mota ya fezi tatu?

Transfoma ya fezi moja haiwezi kuzalisha fezi nyingine. Kwa mota ndogo, za kW 2.2 hivi, tumia kiendeshi cha kielektroniki kinachoingiza 230 ya fezi moja na kutoa fezi tatu za 230. Hapo ndipo mota ya 230/400 ya swali la 17 inapofungwa delta kwa usahihi. Ampea za kuingia ni kubwa kuliko za kutoka: kW 2.2 kwa ufanisi wa 0.8 ni kW 2.75, karibu ampea 12 kwa pawafakta ya 1, na kiendeshi cha kawaida huvuta zaidi ya hapo. Kwa mashine ya hp 20, omba laini ya fezi tatu.